Nilifaulu GP nikiwa kidato cha 3, sasa najifunza upya ili niifundishe

#1 · Mleta uzi

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nina miaka 36. Nilimaliza kidato cha 6 mwaka 2008, mchepuo wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), halafu maisha yakanipeleka dukani. Nimekaa miaka kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu hapa Morogoro, baadaye nikashika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi. Sasa niko chuo, mwaka wa pili wa ualimu, na somo langu ni Hisabati. Baada ya wiki sita naenda mazoezi ya kufundisha. Nimepangiwa kidato cha 3 na mada nitakayoanza nayo ni mifuatano na mifululizo, yaani AP (kila namba unaipata kwa kuongeza kiasi kilekile) na GP (kila namba unaipata kwa kuzidisha kwa kiasi kilekile).

Mwezi uliopita tulikuwa tunafundishana wenyewe kwa wenyewe darasani, mmoja anasimama mbele, wengine wanakaa kama wanafunzi. Nikaandika kanuni ya namba iliyo nafasi ya n kwenye GP: a × r^(n−1). Nikatoa mfano wa 2, 4, 8, 16. Mwenzangu mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo n toa 1 imetoka wapi? Mbona hapo namba ya nne ni 2 kwa kipeo cha 4, si kipeo cha 3?"

Nikatazama ubao. Ni kweli, 2 kwa kipeo cha 4 ni 16. Nikamjibu kwamba kanuni ndivyo ilivyo, nikaendelea. Lakini moyoni niliumia, kwa sababu mada hii niliifaulu. Nilikuwa napata vema zote. Nilichokuwa nacho kumbe ni mstari wa herufi niliokariri, na mtoto wa kidato cha 3 angeniuliza swali hilohilo siku ya kwanza.

Nimekaa nayo wiki tatu nikianza chini kabisa. Hapa nilipofika nadhani nimeshika.

Chukua daladala inayoanzia Msamvu. Ukikaa ndani pale stendi, uko kituo cha 1 na gari halijasogea. Likifika kituo cha 2 limekwenda mwendo mmoja. Kituo cha 5, miendo minne. Vituo vinazidi miendo kwa moja, kwa sababu kituo cha kwanza umekipata bila kwenda popote. GP ni hivyohivyo. Namba ya kwanza, a, umepewa bure, hujazidisha kitu. Kila ukisogea nafasi moja unazidisha kwa r mara moja. Ukifika nafasi ya n umezidisha mara n−1. Kile kipeo kinahesabu miendo, hakihesabu vituo.

Na swali la mwenzangu? Mfano wangu ndio ulikuwa mbovu. Kwenye 2, 4, 8, 16 namba ya kuanzia ni 2 na kizidishi pia ni 2. Kwa hiyo 2 × 2^3 inageuka 2^4, na mwanafunzi hawezi kuona ile 2 ya kwanza ni ya nani. Vitu viwili tofauti vimevaa nguo moja.

(Nasema "kizidishi" badala ya uwiano. Nikijieleza kwa Kiswahili kichwani, neno uwiano linanifanya nigawe, wakati kazi yenyewe ni kuzidisha. Darasani nitatumia istilahi za mtihani, ila kwanza nataka kitendo chenyewe kieleweke.)

Naomba wazoefu mniambie mambo mawili. Mfano gani ni mzuri wa kuanzia? Na jumla ya mfululizo naielezaje bila kuwatupia kanuni nyingine ya kukariri?

#2 · Mwalimu mstaafu, Tanga

Binti yangu, nimesoma mpaka mwisho. Umejiuliza swali ambalo walimu wengi tunastaafu bila kujiuliza.

Mfano wa 2, 4, 8, 16 uache. Pia usianze na 1, 2, 4 ukawauliza inayofuata ni ipi. Mmoja atasema 8, mwingine atasema 7 kwa sababu ameona inaongezeka 1, kisha 2, kisha 3. Wote wako sahihi, kwa kuwa namba tatu peke yake hazitaji sheria yake. Mimi nilikuwa nachora duara, naweka nukta kwenye mzingo na kuunganisha kila nukta na kila nukta, nikihakikisha mistari mitatu haikutani mahali pamoja, halafu tunahesabu vipande ndani ya duara. Nukta 1 kipande 1, nukta 2 vipande 2, kisha 4, kisha 8, kisha 16. Darasa zima linapiga kelele 32. Nawaambia wahesabu. Nukta 6 zinatoa vipande 31.

Baada ya hapo hakuna mwanafunzi wangu aliyeita kitu GP kwa kukitazama tu. Wanagawa kila namba kwa iliyotangulia, na wanataka kujua sheria ni nini.

Anza na 5, 15, 45, 135. Tano na tatu hazifanani, kila mmoja anaonekana mahali pake.

#3 · Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Asante sana. Nimechora lile duara usiku wa leo na nimehesabu mara mbili, ni 31 kweli.

Mfano wa 5, 15, 45, 135 nimeujaribu na mtoto wa dada yangu aliye kidato cha 2. Amenionyesha kosa ambalo sikulitegemea. Nilimwambia namba ya nne ni 5 × 3^3. Akaandika 15^3, akapata 3,375. Amezidisha 5 na 3 kwanza ndipo akapandisha kipeo. Nikamwambia aandike kirefu: 5 × 3 × 3 × 3. Akaona mwenyewe kwamba tano imesimama peke yake na tatu ziko tatu. Sasa nimeamua kipindi cha kwanza kisiwe na kipeo kabisa, waandike kuzidisha kirefu mpaka mikono ichoke na wao wenyewe waombe njia fupi.

#4 · Mwenye steshenari, Dodoma

Mimi si mwalimu, nauza karatasi. Ila hili mnaloongea nalishika kila siku kwa mikono.

Karatasi ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba. Ukiikata katikati unapata A1, ukikata tena A2, hivyo hivyo mpaka A4. Kila mkato eneo linabaki nusu. Sasa hesabu kama mama hapo juu: A0, A1, A2, A3, A4 ni karatasi tano, lakini mikato ni minne. Kwa hiyo A4 ni nusu ya nusu ya nusu ya nusu, yaani 1/16 ya mita ya mraba. Karatasi tunazouza kila siku zimeandikwa gramu 80, maana yake gramu 80 kwa mita ya mraba. 80 gawanya kwa 16 ni gramu 5 kila karatasi. Rimu ina karatasi 500, hivyo kilo 2 na nusu. Weka rimu kwenye mzani uone.

Mtu angehesabu mikato mitano angepata gramu 2.5, na rimu ingekuwa na kilo moja na robo. Mzani ungemkatalia.

#5 · Mleta uzi

Kaka, umenipa kipindi kizima. Karatasi na mzani shuleni vipo. Na ni mfano ambao kizidishi ni chini ya moja, jambo ambalo watoto hudhani haliwezekani kwa sababu "kuzidisha ni kuongeza".

#6 · Mwalimu wa kidato cha 4, Mbeya

Nawaheshimu wote, ila niseme ukweli wa darasani. Una watoto 90, vipindi vichache, na mtihani wa taifa uko mbele. Ukianza kukata karatasi na kuchora maduara, mada zitakushinda kumaliza. Mimi natoa kanuni, natoa mifano mitano, tunafanya maswali ya mitihani iliyopita. Wanafaulu. Ukienda mazoezini fanya hivyo, msimamizi wako naye anataka kuona ubao umejaa kazi.

#7 · Mleta uzi

Mwalimu, sikupuuzi, na najua darasa la watu 90 nitakalolikuta. Lakini mimi ndiye mwanafunzi wa mbinu hiyo. Nilipewa kanuni, nikafanya mitihani iliyopita, nikafaulu. Nilipoulizwa swali moja nje ya mtihani sikuwa na jibu, na hapo ni mimi niliyechagua somo hili. Waliofaulu nami na hawakuchagua Hisabati wamebaki na nini mkononi?

Muda nitautafuta kwingine. Sitaandika mifano mitano inayofanana.

#8 · Mhasibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, Mwanza

Naomba nimjibu mwalimu wa Mbeya kwa mfano wa pesa, kwa sababu hapa ndipo n−1 inapouma.

Mwanachama wetu mmoja alichukua mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kabla hajaja kwetu. Shilingi 100,000, riba asilimia 20 kwa mwezi, na mkataba unasema riba isiyolipwa inaingia kwenye deni. Yeye alidhani kila mwezi ni 20,000, hivyo kwa mwaka atadaiwa 340,000. Hiyo ingekuwa AP. Mkataba ulikuwa GP, kizidishi 1.2. Baada ya miezi 12 deni ni 100,000 × 1.2^12, sawa na 891,610.

Sasa kijana wake, aliyemaliza kidato cha 4, alikuja kumsaidia. Alikuwa anaikumbuka kanuni vizuri kabisa. Akaandika n ni 12, kipeo ni 11, akapata 743,008. Tofauti ni shilingi 148,602. Kanuni aliijua, ila hakujua inahesabu nini. Siku ya kukopa ni kituo cha 1, deni likiwa 100,000. Baada ya miezi 12 yuko kituo cha 13.

#9 · Mwalimu wa kidato cha 4, Mbeya

Hili la kijana nimelipokea. Ni kosa ninaloliona kila mwaka kwenye maswali ya riba, nami huwa nawaambia tu "kwenye riba usitoe moja", kama vile ni kanuni nyingine. Sikuwahi kuliunganisha hivi. Na jumla je, unaifundishaje? Hapo ndipo wangu wanapokwama zaidi.

#10 · Mleta uzi

Jumla ndiyo iliyonipa furaha kuliko yote. Nimeishika kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ile iliyo vitabuni, ila nimeifanya kwa namba tupu kabla ya herufi. Tunataka 5 + 15 + 45 + 135. Iite J. Zidisha kila kitu kwa 3, unapata 15 + 45 + 135 + 405, hiyo ni 3J. Ziweke moja chini ya nyingine ukisogeza ya pili nafasi moja kulia. Katikati zote zina pacha wake. Ukitoa, pacha wanafutana, kinabaki 405 − 5. Kwa hiyo 2J = 400, J = 200. Jumlisha kwa kawaida uhakikishe.

Siku nyingi niliiona ile kanuni kama sehemu yenye vikorokoro vingi juu na r − 1 chini. Sasa naiona kwa maneno: chukua namba ambayo ingefuata, toa ya kwanza, gawa kwa kizidishi toa moja. Ile r − 1 chini ndiyo 3J − J. Na ndiyo maana kanuni inakataa r ikiwa 1. Ukizidisha kwa 1 mistari miwili inafanana kabisa, ukitoa inabaki sifuri upande huu na sifuri upande ule, hujajua chochote. Kwenye hali hiyo namba zote ni sawa na ya kwanza, unachukua a mara n basi.

Njia ya pili nimeikuta maktaba na nimekaa nayo siku nzima. Kuna mafunjo ya Misri ya kale, yaliyonakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmes karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, ambayo leo yako British Museum, London. Swali la 79 linaorodhesha nyumba 7, paka 49, panya 343, masuke ya ngano 2,401 na vipimo vya nafaka 16,807. Jumla yake ni 19,607. Pembeni mwandishi anapata jumla hiyohiyo kwa kuzidisha 2,801 kwa 7.

Nikajiuliza 2,801 imetoka wapi. Jumla ya zile nne za kwanza, 7 + 49 + 343 + 2,401, ni 2,800. Ongeza 1. Maana yake ukiwa na jumla ya hatua nne, ongeza 1, zidisha kwa 7, umepata jumla ya hatua tano. Huhitaji kuanza upya. Nimeijaribu toka mwanzo: 7, kisha 8 × 7 ni 56, kisha 57 × 7 ni 399, kisha 400 × 7 ni 2,800, kisha 2,801 × 7 ni 19,607. Inatembea.

Na alizidishaje kwa 7? Kwa kuongeza maradufu: 2,801, kisha 5,602, kisha 11,204, halafu akajumlisha zote tatu, maana 1 + 2 + 4 ni 7. Yaani hata chombo chake cha kuzidishia ni GP. Nilipoona hilo nilifunga daftari nikakaa tu.

Mahali pa 2,401 kwenye mafunjo hayo pameandikwa 2,301. Kosa la mkono la mtu aliyekuwa ananakili zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na jumla yake bado ni sahihi, ileile inayotoka kwa njia ya pili. Nitawaonyesha wanafunzi hilo.

#11 · Mama wa nyumbani, Mombasa

Hamjambo nyote. Mimi niliyasoma haya kidato cha tatu huku Kenya na yakanipita. Sasa namsaidia mwanangu. Lipo moja sijalielewa mpaka leo: mfululizo usiokwisha wawezaje kuwa na jumla? Kitu kisichokwisha chaongezwa daima, basi chasimama vipi?

#12 · Mwalimu mstaafu, Tanga

Hatujambo mama. Chukua moja ugawe kwa tatu kwa njia ndefu. Unapata 0.3333 na haikomi. Hiyo ni 3/10 + 3/100 + 3/1,000 na kuendelea, mfululizo wa kijiometri ambao kizidishi ni 1/10. Umeandika tarakimu zisizokwisha, lakini unajua zinaelekea wapi, kwa sababu umeanza na theluthi moja ya kitu kimoja. Haiwezi kuipita theluthi.

Ukitaka kuona kwa macho, twaa karatasi ya yule kijana wa Dodoma. Kata nusu uweke mezani. Iliyobaki mkononi kata nusu uweke mezani. Mezani zinaongezeka kila mara: 1/2, 1/4, 1/8. Kilichobaki mkononi kinapungua kila mara. Lakini mezani hapatapata zaidi ya karatasi moja, kwa kuwa vyote vimetoka kwenye karatasi moja. Jumla ni ile namba ambayo mezani panaikaribia kadiri upendavyo.

Hili hutokea kizidishi kikiwa kati ya −1 na 1 tu. Kwa lile deni la kausha damu halitokei.

#13 · Mama wa nyumbani, Mombasa

Nimeikata karatasi na mwanangu hapa mezani. Ahsante mwalimu, Mungu akuweke. Nimeelewa kitu kilichonipita miaka ishirini.

#14 · Mleta uzi

Nimeandaa somo la mwisho wa mada na naomba mnikosoe kabla sijalipeleka kwa mkufunzi.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 Tanzania. Sensa ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Swali: idadi imekua kwa asilimia ngapi kwa mwaka?

Ukigawa, unapata takriban 1.3742, yaani ongezeko la asilimia 37.4 kwa miaka kumi. Wengi watagawa kwa 10 waseme asilimia 3.74. Nitawaacha waseme. Kisha nitawaambia waanze na watu milioni 44.9 wazidishe kwa 1.0374 mara kumi. Watafika karibu milioni 64.9, wameongeza zaidi ya watu milioni 3 ambao hawapo. Hapo ndipo tutatafuta kizidishi ambacho kikizidishwa mara kumi kinatoa 1.3742. Bila kikokotoo, tunakwenda na jedwali la logariti: logariti ya 1.3742 ni 0.1380, gawa kwa 10 ni 0.0138, rudi kwenye jedwali unapata 1.032. Asilimia 3.2 kwa mwaka, ndiyo iliyotangazwa.

#15 · Mwalimu mstaafu, Tanga

Somo ni zuri, usipunguze kitu. Nina swali moja kama msimamizi. Mwanafunzi atakuuliza: toka 2012 mpaka 2022 ni miaka 11 nikihesabu kwa vidole, mbona unagawa kwa 10?

#16 · Mleta uzi

Nitachora mstari ubaoni na miaka yote 11 kama vituo, kisha vishale kati ya mwaka na mwaka. Chini ya 2012 nitaandika 0, chini ya 2013 nitaandika 1, mpaka 10. Yeye mwenyewe aje mbele ahesabu vishale.

#17 · Mwalimu mstaafu, Tanga

Peleka kwa mkufunzi.